Kuanza kazi ya sabuni na mafuta ya mwili ya asili Kipushi: mizani mbele ya harufu

Hapa Kipushi, na kule Lubumbashi vilevile, kuko watu wengi wanaofikiri kuanza kazi ndogo ya kutengeneza sabuni ya kuoga, mafuta ya kupaka ao balsamu ya midomo. Sababu inaeleweka. Kazi hii haiombi mashine kubwa, inafanyika nyuma ya nyumba, na kila mtu anaoga.

Lakini ni kazi ya soda kostiki, kitu kinachoweza kuharibu jicho ao koo la mtoto kwa dakika moja. Tena inauzwa kwa neno «asili», na katika mji wa mgodi kama wetu neno hilo linaomba uangalifu: risasi na arseniki nazo ni vitu vya asili. Makala hii inaeleza vitu vya kujua mbele ya kutoa makuta yako: vitu vinavyopatikana, sabuni inavyotengenezwa, hatari zake, hesabu, makaratasi na soko.

Vitu tulivyo navyo, na vile vinavyotoka mbali

Sabuni inaanza na mafuta. Mafuta yanayojulikana zaidi Congo ni mawese. Historia yake na sabuni ni ya zamani. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight, alipatana na serikali ya Ubelgiji na kuanzisha kampuni ya Huileries du Congo Belge ili kupata mafuta ya viwanda vyake. Makao yake ya Kwilu yaliitwa Leverville, leo Lusanga. Watu walilazimishwa kukata ngazi, na mateso hayo yalikuwa moja ya sababu za maasi ya Wapende mwaka 1931. Mafuta yetu yalisafiri Ulaya na kurudi sabuni. Leo mama wa Kipushi anaweza kufanya kazi ile yote katika ndoo moja.

Ila ngazi haioti vizuri kwetu. Lubumbashi iko karibu mita 1.200 juu ya bahari, na kiangazi ni kirefu. Mafuta yanatoka sehemu za joto, kama vile Kasai, kwa lori na kwa reli ya SNCC. Njo maana bei yake inapanda barabara ikiharibika ao treni ikikwama. Mtu wa sabuni sharti ajue hilo tangu mwanzo: kitu chake kikubwa hakitoki hapa.

Vinavyotoka hapa ni vingine. Kuko kalanga, alizeti na avoka. Kuko majani ya sitroneli na aloe katika parseli. Na kuko buki ya pori la miombo. Mwenye buki ana nta ya nyuki pia, na nta ni mali. Ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Kaskazini-Magharibi la Zambia, sehemu za Kabompo na Mwinilunga, nta na asali ya pori la namna moja na letu imeuzwa hadi Ulaya kwa miaka mingi. Kwa hiyo uliza wauzaji wa buki wanafanya nini na nta yao.

Mfano mzuri wa kujenga juu ya kitu cha nyumbani ni Zanzibar. Wanawake wa pwani walianza kulima mwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwani mkavu ulinunuliwa kwa bei ya chini sana. Baadaye vikundi kama vile vya Paje vilianza kuusaga na kuutia katika sabuni, na sabuni ile watalii wanainunua kwa bei ambayo kilo ya mwani mkavu haijawahi kufikia. Sisi hatuna bahari wala watalii wengi. Lakini nta ya miombo ni kitu ambacho sabuni za kiwanda zinazovuka mpaka hazina.

Sabuni inazaliwa namna gani

Mafuta peke yake hayasafishi. Yakikutana na soda kostiki iliyoyeyushwa katika maji, vitu hivyo viwili vinageuka kabisa na kuwa vitu vingine viwili: sabuni na gliserini. Kama vipimo ni sawa, mwishoni hakubaki soda. Kama soda ilizidi, inabaki ndani ya kipande na inachoma ngozi. Kama ilipunguka sana, sabuni inakuwa laini, ina mafuta mafuta, na inaoza upesi.

Wazee walitumia majivu. Maji yanayopita katika majivu ya ganda la ndizi ao ya mti yanabeba potasi, na potasi inatoa sabuni laini. Ni ufundi wa kweli. Sabuni nyeusi ya Ghana na Nigeria inatoka huko. Shida yake ni kwamba nguvu ya majivu ya leo si nguvu ya majivu ya kesho, na mteja anataka kipande cha leo kifanane na cha mwezi uliopita.

Kila mafuta yanaomba soda yake. Hivi ni vipimo vya kawaida, gramu za soda kwa kila gramu 100 za mafuta:

- mawese: 14,1
- mafuta ya mbegu ya ngazi (palmiste): 17,6
- nazi: 18,3
- kalanga: 13,7
- alizeti: 13,5
- avoka: 13,3

Hivyo ni vipimo vya kugeuza mafuta yote. Sabuni ya kuoga tunaipunguzia soda sehemu 5 kwa 100, ili mafuta kidogo yabaki kulinda ngozi, na ili kosa dogo la mizani lisimchome mtu. Ona tofauti kati ya mawese na palmiste. Mtu anayebadilisha mafuta bila kubadilisha soda, juu ya kuwa siku ile sokoni mawese yalikosekana, anatoa sabuni mbaya hata kama mkono wake ni mzoefu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kununua ni mizani ya elektroniki inayosoma gramu moja moja. Kikombe, kopo ao kijiko haviwezi kuchukua nafasi yake. Kikombe kimoja cha soda ya vipande na kikombe cha soda ya punje havina uzito mmoja.

Vyombo na ulinzi

Hapa kwetu nyungu nyingi ni za aluminiamu, hata zile zinazotengenezwa na mafundi wa mitaani. Usizitumie kamwe kwa soda. Soda inakula aluminiamu, inatoa gesi inayoweza kuwaka, na nyungu inatoboka. Tumia ndoo ya plastiki ngumu ao chombo cha inoksi. Vyombo vya sabuni vibaki vya sabuni tu. Visirudi kupika bukari.

Unahitaji pia glavu za mpira, miwani inayofunika macho, nguo ya mikono mirefu na viatu vinavyofunika mguu. Fanyia kazi mahali penye hewa, mbali na watoto, kuku na njia ya kupita.

Kanuni moja inapita zote: tia soda ndani ya maji, usitie maji ndani ya soda. Ukimwaga maji juu ya soda inaweza kuchemka ghafula na kurukia uso. Hata ukifanya sawa, maji yatapata joto kali kupita nyuzi 80 bila moto wowote, na mvuke wake unakohoza. Geuza uso pembeni na ungoje ipoe.

Ikigusa ngozi ao jicho, osha na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, ukivua nguo iliyoloa. Usimwage siki wala limau juu ya kidonda. Kwa jicho, kisha kuosha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Mtoto akimeza, usimtapishe: soda inachoma mara ya pili ikirudi. Suuza kinywa na mkimbize hospitali palepale.

Maji ya soda yanafanana na maji ya kunywa. Mtoto aliyekunywa funda moja anaweza kuungua koo na kuishi miaka bila kumeza chakula kigumu. Njo maana usiyaweke kamwe katika chupa ya maji ao ya juisi, hata kwa dakika tano, hata kama umeandika juu yake. Mtoto mdogo hasomi. Yeyusha soda ya kazi ya siku ile tu, na ile kavu ifungwe katika kopo gumu, juu, chini ya ufunguo.

Mfano wa kilo moja ya mafuta

Hii ni sabuni ya namna ya baridi, haiombi makala:

- mawese gramu 700
- palmiste gramu 200
- mafuta ya kalanga gramu 100
- soda kostiki gramu 140
- maji gramu 300

Hesabu yake ni hii: 700 kwa 14,1 inatoa 98,7, 200 kwa 17,6 inatoa 35,2, 100 kwa 13,7 inatoa 13,7. Jumla ni 147,6. Toa sehemu 5 kwa 100, inabaki karibu 140. Ukibadilisha mafuta yoyote, rudia hesabu.

Anza na mafuta. Mawese ya sokoni mara nyingine yanachanganywa na maji. Yapashe polepole: yakirukaruka na kupiga kelele, maji yako ndani. Yaache yatulie, yachuje na kitambaa, kisha yapime. Maji ya kutumia yawe safi, ya kunywa. Maji ya kisima yenye chokaa ao chuma yanapunguza povu, na chuma kinafanya sabuni itoe madoa ya rangi ya machungwa na harufu ya mafuta ya zamani.

Mafuta na maji ya soda vyote vikiwa vuguvugu, karibu nyuzi 40, mwaga soda ndani ya mafuta polepole na koroga bila kuacha. Kwa mkono inaweza kuchukua nusu saa ao zaidi. Imekuwa tayari pale matone yanayoanguka toka mwiko yanaacha alama juu bila kuzama mara moja. Hapo njo unatia harufu, kisha unamwaga katika kalibu, yaani kisanduku cha mbao kilichotandikwa karatasi ya plastiki. Funika.

Kisha siku moja ao mbili, ukiwa bado na glavu, kata vipande 12 vya karibu gramu 120. Vipange vikiachana, mahali penye hewa na kivuli, kwa wiki 4 hadi 6. Vitapoteza maji, vitakuwa vigumu, na vitakaribia gramu 100. Mbele ya kuuza, lowesha kipande na ukiguse na karatasi ya pH. Sabuni ya kawaida inasoma 9 ao 10. Ikionyesha 11 ao zaidi, usiuze.

Soda iliyoganda kama jiwe imekunywa unyevu wa hewa, na nguvu yake imepungua. Vipimo vya juu havitaifaa. Wakati wa mvua hili linatokea upesi, kama kopo halifungwi vizuri. Wakati huohuo wa mvua sabuni nayo inatoa jasho, juu ya gliserini inayovuta maji. Vifungie karatasi vikikauka tu.

Kisha sabuni: balsamu kwanza, krimu mwisho

Katika Juni na Julai, baridi na upepo mkavu vinapasua midomo na visigino. Huo ni wakati wa balsamu, na balsamu ni kitu chepesi kuliko sabuni: haina soda. Yeyusha gramu 20 za nta ya nyuki katika gramu 80 za mafuta, chombo kikiwa ndani ya nyungu ya maji ya moto, na mwaga katika vikopo safi vikavu. Wakati wa joto kali, mwezi wa kumi, ongeza nta kidogo ili isiyeyuke sokoni.

Nta isafishwe mbele: iyeyushe katika maji, ichuje na kitambaa, iache igande juu, kwangua uchafu wa chini. Usiiyeyushe moja kwa moja juu ya moto, inaweza kuwaka.

Ukitaka mafuta yenye majani, tumia majani yaliyokauka kabisa. Majani mabichi yanaleta maji, na maji yanaleta kuvu. Sababu hiyohiyo njo inafanya krimu na losheni vingoje. Kitu chochote chenye maji ndani yake ni chakula cha vijidudu, hata kama kinanukia vizuri na hakionyeshi doa. Krimu inaomba dawa ya kuhifadhi iliyopimwa sawasawa, na usafi wa namna ya maabara. Jeli ya aloe mbichi iliyotiwa katika kopo na kuuzwa kisha wiki mbili ni hatari, hasa kwa mtoto ao kwa mtu mwenye kidonda.

«Asili» katika mji wa mgodi

Mgodi wa Kipushi ulifunguliwa miaka ya 1920, wakati wa Union Minière, ukaitwa Prince Léopold. Gécamines iliusimamisha mwaka 1993, na Juni 2024 ulianza tena kutoa zinki. Kwa miaka ile yote mabaki ya mawe yaliyosagwa yalirundikwa kando ya mji. Ndani ya mabaki ya madini ya namna hiyo mnabaki zinki na shaba, na pia risasi, kadmiumu na arseniki.

Mwaka 2009 Profesa Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na watafiti wa Ubelgiji, alitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Wale wanaoishi chini ya kilometa 3 kutoka mgodi ao kiwanda cha kuyeyusha walikuwa na kobalti, risasi, kadmiumu, arseniki na uraniumu nyingi kuliko wanaoishi mbali. Sehemu kubwa ya Kipushi iko karibu na mgodi namna hiyo.

Kwa mtu wa sabuni, hii ina maana ya kazi kabisa. Usichote udongo wa kupaka uso kando ya mabaki ya mgodi, hata kama ni mweupe na laini kama unga. Usitumie majivu ya mbao zilizotolewa viwandani. Usikate sitroneli ao aloe inayoota karibu na mabaki ao kando ya barabara ya malori. Lima yako katika mifuko ya udongo wa mbali, na osha majani. Mahali ambapo miti haitaki kuota na kunabaki majani mafupi tu, jihadhari. Katanga ina hata ua linalopenda udongo wa shaba, Haumaniastrum katangense, ambalo wachunguzi wa madini walilifuata kama alama.

Sabuni yenyewe, kwa mafuta ya sokoni na maji safi, haina shida hiyo. Nta ya pori la mbali pia ni nzuri. Kaushia vipande ndani ya nyumba, chini ya neti safi, si barazani ambapo vumbi la barabara linatua juu yao kwa wiki tano.

Vitu vya kutotia kabisa

Mteja wa kwanza ao wa pili atauliza: «Mama, hii sabuni inangarishaka?» Anataka kujua kama inafanya ngozi kuwa nyeupe. Kuko faida ya haraka katika kujibu ndiyo, na kuko watu wanaouza poda za kutia katika sabuni. Zebaki inaharibu figo na inapita kwa mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata ulikataza tangu 2020 vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa vyote vilivyotiwa zebaki kufikia 2025. Haidrokinoni na kortizoni nazo ni mambo ya daktari. Usiingie huko. Mtu ambaye ngozi yake imeharibika atakumbuka jina lililo juu ya karatasi yako.

Kuko na vitu vidogo pia. Maji ya limau ao mafuta ya maganda yake juu ya ngozi, kisha jua, yanaweza kuacha malengelenge na madoa meusi. Mafuta ya harufu yenye nguvu hayafai kwa mtoto mchanga. Mafuta ya kalanga yaandikwe wazi juu ya etiketi, juu kuko watu ambao mwili wao unayakataa. Kila kitu kipya kijaribiwe kwanza kidogo ndani ya mkono wa mtu mzima, na kungoja siku mbili.

Hesabu: wiki tano bila makuta

Bei hizi ni mfano tu wa kuonyesha namna ya kupiga hesabu. Weka bei za siku yako. Tuseme kwa kilo moja ya mafuta umetoa hivi: mafuta 6.000 FC, soda 1.000, harufu 1.500, karatasi na etiketi 1.200, usafiri 1.800, glavu na karatasi za pH 500. Jumla 12.000 FC kwa vipande 12, yaani 1.000 FC kila kimoja.

Lakini hautauza 12. Kimoja kitavunjika, kingine utampa shangazi ajaribu. Gawa 12.000 kwa 10: kila kipande kinakusimamia 1.200 FC. Ukiuza 1.500, unabaki na 3.000 FC kwa saa zako zote za kupima, kukoroga, kukata na kutembea. Ukiuza 2.000, unabaki na 8.000. Mtu anayesema «nanunua mafuta 6.000, nauza 15.000, napata 9.000» anakula mtaji wake bila kujua, na kisha miezi mitatu anakosa makuta ya soda.

Jambo la pili ni muda. Ukitengeneza kilo moja kila wiki na kukausha wiki tano, mpaka siku ya kuuza kipande cha kwanza umekwisha kutengeneza mara tano. Ni 60.000 FC zimelala juu ya rafu. Kama makuta yale ni ya chakula, ni ya kodi ya nyumba, ao ni ya deni la riba ya kila wiki, utashawishika kuuza sabuni mbichi, nayo itachoma watu. Likelemba inafaa kuliko deni la namna hiyo: omba zamu yako iangukie mwanzo wa kazi. Vikundi vya kuweka na kukopesha pamoja vinafaa pia, kama mnapatana kwamba malipo yanaanza mwezi wa tatu.

Wengi wanatatua shida ya muda kwa kuanza na balsamu, inayouzwa siku inayofuata, na kuacha sabuni ikauke pembeni.

Angalia dola. Soda, vikopo na harufu mara nyingi vinahesabiwa kwa dola, na mteja wa sokoni analipa faranga. Dola ikipanda, hesabu yako ya mwezi uliopita imekufa. Shika daftari moja: tarehe, namba ya kundi la sabuni, vipimo, bei uliyonunua, vipande vilivyouzwa. Daftari hilohilo litakusaidia siku mteja atarudi na kipande kibaya, maana utajua ni cha siku gani na nani mwingine alinunua.

Makaratasi

Biashara ndogo inaanzia kwenye patente, inayotolewa na utawala wa mahali. Congo iko ndani ya OHADA tangu Septemba 2012, na sheria za OHADA zinajua mtu anayeitwa «entreprenant»: mfanyakazi mdogo wa peke yake anayetoa tangazo la kazi yake bila kupita katika maandikisho yote ya kampuni. Ukikua, unaandikishwa katika RCCM kupitia Guichet Unique de Création d'Entreprise, inayokusanya hatua nyingi mahali pamoja. Lubumbashi iko nayo.

Kwa ubora wa bidhaa kuko OCC, Office Congolais de Contrôle, iliyoanzishwa mwaka 1974. Duka kubwa la Lubumbashi linaweza kukuomba karatasi yake mbele ya kuweka sabuni yako kwenye rafu. Kwa mafunzo, gonga mlango wa INPP ya Lubumbashi. Kwa msaada wa kupanga biashara, uliza ANADEC. Kuvuka mpaka kwenda Zambia kunapitia DGDA upande wetu na duane ya upande wao, hata kwa mfuko mdogo. Na kwa kila malipo, kwa ofisi yoyote, omba risiti yenye muhuri na uiweke ndani ya daftari.

Etiketi na soko

Etiketi iseme jina la bidhaa, vitu vyote vilivyo ndani, uzito, tarehe ya kutengeneza, namba ya kundi na simu yako. Iandike kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Usiandike kwamba inaponya upele, fangasi ao madoa. Neno «inaponya» linageuza sabuni kuwa dawa, na dawa ina sheria nyingine. Sema ukweli mdogo: «sabuni ya mawese na nta ya nyuki, imekauka wiki tano».

Anzia Kipushi, mahali wanakujua: majirani, saluni, ba mama wa kanisa, shule. Uza vipande vidogo vya gramu 50 kwa mtu anayetaka kujaribu. Soko za Lubumbashi, kama vile ya Kenya, zina watu wengi, lakini pale unapambana na sabuni za kiwanda ambazo hautaweza kushinda kwa bei. Fika kule na kitu chenye tofauti, na uhesabu usafiri wa kwenda na kurudi katika kila kipande.

Maswali yanayorudi

*Naweza kuanza bila mizani?* Kwa balsamu, kwa shida, ndiyo. Kwa sabuni, hapana. Azimeni pamoja watu watatu mizani moja kuliko kila mtu kupima kwa kopo.

*Sabuni yangu imetengana, mafuta juu na maji chini. Niitupe?* Usiiguse bila glavu, maji yale ni soda. Kama vipimo vilikuwa sawa, irudishe katika chombo cha inoksi, ipashe polepole na ukoroge mpaka ishikane. Kama haukupima, usiuze.

*Soda iliyobaki nimwage wapi?* Bora isibaki. Ile kavu irudi katika kopo lake. Maji ya kusuuza vyombo yaongezwe maji mengi na yamwagwe chooni, si kwenye mtaro watoto wanapocheza.

*Mteja analalamika kwamba inamwasha.* Pokea kipande, rudisha makuta yake, tazama namba ya kundi na upime pH ya vipande vilivyobaki. Kama viwili vinasoma 11, simamisha kundi zima na uwapigie simu wengine walionunua, siku ileile.